Sura ya 5: Picha Moja, Karatasi Nyingi

Watu wanaonunua picha ya chapa kwa mara ya kwanza huuliza swali moja, na huliuliza kwa wasiwasi. Wameona chini ya picha tarakimu zilizoandikwa kwa penseli: 7/30. Wakielezwa kwamba picha hiyo imechapwa mara 30 na hii ni ya saba, mkono uliokwisha kushika pochi unasita. Kumbe wako wengine 29 wenye picha hii hii? Basi ya asili anayo nani? Na kama kila mmoja anayo, kwa nini nilipe fedha nyingi kwa nakala?

Swali ni la haki. Tumezoea kwamba mchoro wa rangi juu ya turubai uko mmoja tu duniani, na chochote kinachofanana nao ni kivuli chake. Chapa ya ubao ina utaratibu wake tofauti kabisa. Katika sura hii nitatetea jambo moja: sanaa hii haina kitu cha asili kinachozitangulia nakala. Karatasi zenyewe ndizo kazi ya sanaa, kila moja, na wingi huo ndio uliomfanya binadamu ashike patasi na kuanza kuchonga.

Inavyofanyika

Chapa ya ubao ni picha inayopatikana kwa kuchonga ubao, kuupaka wino, kisha kulaza karatasi juu yake na kuisugua. Anayetaka kuielewa haraka autazame muhuri wa ofisi ya mtendaji wa kata: palipoinuka hushika wino, palipobonyea hubaki pakavu. Kwa hiyo mchongaji wa chapa hauchongi mstari anaotaka uonekane. Huondoa kila kilichouzunguka na kuuacha umesimama.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Mwenye kalamu akitaka kuchora unywele mmoja, hupitisha wino mara moja, kazi imekwisha. Mchongaji akitaka unywele huo huo hupitisha kisu upande wa kushoto, akakipitisha tena upande wa kulia, halafu akaondoa mbao ya pande zote mbili bila kuugusa ule ukuta mwembamba uliobaki katikati. Ukivunjika, hakuna kufuta. Na yote hayo huyafanya kinyume, maana karatasi hugeuza kushoto kuwa kulia. Maneno huchongwa kama yanavyoonekana kwenye kioo.

Vifaa vyenyewe ni vichache:

- ubao uliopasuliwa kwa urefu wa gogo na kulainishwa vizuri;
- kisu kifupi chenye ncha kali;
- patasi za makali bapa, na zile za makali yaliyopinda ambazo maseremala huziita bobari;
- wino, pamoja na brashi au rola ya kuupakia;
- karatasi, na kitu cha kuisugulia mgongoni.

Mashine si lazima. Mgongo wa mwiko wa mbao unatosha. Kinacholeta tofauti kubwa ni mti. Wajapani walipenda mcheri na Wazungu walipenda mpea, kwa sababu miti hiyo ina nyuzi zilizoshikana, na mstari mwembamba unaweza kusimama juu yake bila kumeguka. Kisu kinachokwenda na nyuzi huteleza. Kinachozikata hukwama na kuruka. Mchongaji mzuri huujua ubao wake kwa vidole kabla hajaujua kwa macho.

Mwana aliyewafanyia wazazi wake

Katika Maktaba ya Uingereza, jijini London, kuna msokoto wa karatasi wenye urefu wa karibu mita 5. Ni Sutra ya Almasi, maandiko matakatifu ya dini ya Kibudha, yaliyochapwa China mwaka 868. Ni kitabu kizima cha zamani zaidi kilichochapwa ambacho kina tarehe yake na kimetufikia. Kilikuwa ndani ya pango karibu na mji wa Dunhuang, kaskazini magharibi mwa China, hadi mwanaakiolojia Aurel Stein alipokichukua mwaka 1907.

Msokoto unaanza na picha: Budha ameketi katikati ya wafuasi wake, na mbele yake mwanafunzi mzee amepiga magoti akimwuliza swali. Mikunjo ya nguo na nyuso za watu zimechongwa kwa ustadi ambao haupatikani katika jaribio la kwanza. Bila shaka nyuma ya picha hiyo kulikuwa na vizazi vya wachongaji ambao kazi zao zimepotea.

Mwishoni mwa msokoto yameandikwa maelezo kwamba mtu aitwaye Wang Jie ameufanya kwa niaba ya wazazi wake wawili, ili ugawiwe kwa watu wote bila malipo. Katika imani yake, kueneza maandiko hayo kulileta thawabu, na Wang Jie aliwatakia wazazi wake thawabu hizo. Msokoto mmoja uliofungiwa nyumbani usingeifanya kazi aliyoikusudia. Picha ya chapa ya zamani kuliko zote tunayoweza kuipa tarehe kwa uhakika ilitengenezwa ili iwe nyingi.

Kifaru ambaye mchoraji hakumwona

Ulaya ilichelewa. Chapa za ubao zilienea huko kuanzia miaka ya 1400 hivi, karatasi ilipopatikana kwa urahisi, na bidhaa za mwanzo zilikuwa karata za kuchezea na picha za watakatifu walizobandika watu wa kawaida ukutani. Wachoraji wakubwa hawakuijali sana kazi hiyo. Aliyeibadilisha ni Albrecht Dürer wa Nürnberg, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1471.

Mwaka 1498, akiwa na umri wa miaka 27, Dürer alitoa kitabu chenye picha kubwa 15 za Ufunuo wa Yohana, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa mchapishaji. Hakumsubiri askofu wala tajiri wa kumwagiza kazi. Alichora, akachapa, akauza, katika toleo la Kijerumani na la Kilatini. Wapanda farasi wanne wanaokanyaga watu katika mojawapo ya picha hizo wamejengwa kwa mistari iliyopindana, minene hapa na myembamba pale, hata kivuli kikapatikana bila rangi yoyote. Kabla yake, chapa nyingi za Ulaya zilikuwa michoro mitupu iliyosubiri kupakwa rangi kwa mkono.

Lakini kazi inayoonyesha vizuri zaidi nguvu ya chapa ni yenye kosa ndani yake. Mwezi Mei 1515, kifaru alishushwa bandarini Lisbon. Alikuwa zawadi kutoka kwa Sultani Muzaffar Shah II wa Gujarat, India, na alikuwa amevuka Bahari ya Hindi na kulizunguka bara letu lote la Afrika akiwa ndani ya merikebu ya Wareno. Ulaya ilikuwa haijamwona kifaru aliye hai tangu zama za Warumi. Habari na mchoro wa harakaharaka vikafika Nürnberg, na Dürer, ambaye hakuwahi kumwona mnyama huyo, akachora alichokisoma. Ngozi akaigeuza deraya ya chuma, yenye vipande vilivyoungwa kwa misumari. Miguu akaipa magamba. Na juu ya mabega akaongeza kipembe kidogo kilichosokotwa. Msomaji aliyemzoea kifaru wa Ngorongoro, mwenye pembe mbili puani, atashangaa pia kuona pembe moja tu mahali pake. Hapo Dürer hakukosea, kwa kuwa kifaru wa India ana moja.

Mnyama mwenyewe hakuishi. Mfalme Manuel wa Ureno alimtuma kwa Papa Leo X, na mapema mwaka 1516 meli ilizama karibu na pwani ya Italia. Picha ndiyo iliyobaki, na kwa kuwa ilikuwa maelfu ya karatasi, ndiyo iliyoaminiwa. Kwa zaidi ya miaka 200 vitabu vya wanyama barani Ulaya viliendelea kumchora kifaru na kile kipembe cha mabegani. Ubao uliendelea kuchapwa hata baada ya Dürer kufariki mwaka 1528. Chapa za mwisho mwisho zina ufa mrefu unaopita miguuni mwa mnyama, na matundu ya wadudu waliokuwa wakiula ubao. Mimi nazipenda chapa hizo mbovu kuliko zile safi, maana zinaonyesha kazi ya muda juu ya mti.

Wingi ulimletea Dürer adha pia. Giorgio Vasari, Mwitaliano aliyeandika maisha ya wasanii, anasimulia kwamba mchongaji Marcantonio Raimondi alizinakili chapa za Dürer huko Venisi pamoja na alama yake ya A na D, na kwamba Dürer alikwenda kushtaki. Alichokipata, kwa mujibu wa simulizi hiyo, ni amri kwamba Raimondi asitumie tena alama. Picha zenyewe hazikukatazwa.

Mikono minne ya Edo

Sasa twende Japani, maana huko ndiko swali letu linakojibika.

Mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, ulikuwa katika karne ya 18 mmoja wa miji yenye watu wengi zaidi duniani, na watu wake wa kawaida walipenda picha: za waigizaji, wapiganaji wa mieleka, warembo, na mandhari ya safari. Mwaka 1765 wakaanza kupata chapa za rangi nyingi. Chanzo kilikuwa kalenda. Miezi mirefu na mifupi ilibadilika mwaka hadi mwaka, na wenye uwezo wakawa wanapeana kalenda zilizofichwa ndani ya picha, wakishindana kwa uzuri. Mchoraji Suzuki Harunobu ndiye aliyeng'ara katika mashindano hayo, na muda si mrefu wafanyabiashara wakaupeleka ufundi huo sokoni.

Chapa moja ilipita katika mikono minne:

- Mchapishaji, mwenye mtaji na duka, aliyeamua nini kitauzika.
- Mchoraji, aliyechora mistari kwa wino juu ya karatasi nyepesi.
- Mchongaji, aliyeigeuza karatasi hiyo kuwa ubao.
- Mchapaji, aliyepaka rangi na kusugua karatasi moja baada ya nyingine.

Tuangalie kilichoupata mchoro ulipofika kwa mchongaji. Aliupaka gundi ubao wa mcheri, akaubandika mchoro juu yake uso ukiwa chini, akaukwangua mgongo kwa ncha za vidole mpaka mistari ionekane kupitia karatasi. Kisha akachonga, akipitisha kisu ndani ya karatasi yenyewe. Alipomaliza, mchoro ulikuwa umekwisha. Ulikuwa umekatwakatwa na kuoshwa pamoja na vumbi la mbao.

Kwa hiyo anayetafuta mchoro wa asili wa mchoraji Hokusai nyuma ya chapa zake nyingi maarufu hataupata. Uliangamizwa ili chapa zizaliwe.

Kutokana na ubao huo wa mistari zilitolewa karatasi chache, mchoraji akaonyesha juu yake kila rangi ikae wapi, na mchongaji akachonga ubao mwingine kwa kila rangi. Ili rangi zisipishane, kila ubao ulichongwa alama mbili ndogo mahali pale pale: moja ya kona, nyingine ya mstari ulionyooka. Mchapaji aliegesha karatasi kwenye alama hizo kwa vidole gumba, mara kumi, mara kumi na tano, na rangi ikaangukia mahali pake. Karatasi ilitokana na gome la mti wa jamii ya mforosadi, ngumu kiasi cha kustahimili kusuguliwa mara zote hizo ikiwa na unyevu.

Wachongaji nao walikuwa na vyeo. Wanagenzi walichonga nguo na majani. Nywele za kwenye paji la uso, ambapo nyuzi kadhaa hupita ndani ya upana wa ukucha, ziliachiwa fundi mkuu. Mchapaji alikuwa na siri zake. Anga inayoanza na buluu nzito juu na kufifia taratibu hadi weupe haikuchongwa popote. Aliifanya kwa kuufuta ubao kwa kitambaa chenye maji, upya kwa kila karatasi. Ndiyo sababu chapa mbili za picha moja, ukiziweka pamoja, anga zake hazifanani.

Katsushika Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760, aliyajua haya kwa mikono yake, kwani katika ujana wake alifanya kazi ya kuchonga mbao. Alipokuwa mzee aliwaandikia wachapishaji akitaka kazi yake apewe mchongaji Egawa Tomekichi, maana wengine walimharibia macho na pua za watu wake.

Picha yake ijulikanayo zaidi, Wimbi Kubwa la Kanagawa, ilitoka mnamo 1831 katika mfululizo uitwao Mandhari 36 za Mlima Fuji, ambao ulipendwa hata zikaongezwa nyingine 10. Watu wengi huliona wimbi na kilele cha mlima, wakasahau mashua. Ziko tatu, za aina iliyotumika kupeleka samaki wabichi Edo, na wapiga makasia wake wamejiinamia kabisa wakilisubiri pigo. Mtu wa Pwani akiitazama picha hii huanzia kwao. Buluu ya maji ilikuwa na rangi ngeni iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18 na kuingizwa Japani na wafanyabiashara wa ng'ambo.

Chapa hiyo ilichapwa kwa maelfu, na ilipotoka mtu aliipata kwa fedha zisizozidi sana bei ya bakuli mbili za tambi. Ubao ulipochakaa, mistari ya kisanduku chenye jina la picha, upande wa kushoto juu, ilianza kumeguka. Wataalamu huitazama mipasuko hiyo kujua ipi ilichapwa mapema na ipi baadaye. Mwezi Machi 2023 karatasi moja iliuzwa New York kwa dola milioni 2.76. Jina la Hokusai limo ndani ya picha. Majina ya aliyelichonga povu lile, kidole kwa kidole, na ya aliyelichapa, hayamo. Hili linaniuma, na ningependa kila anayelitundika Wimbi ukutani ajue kwamba hakuna hata mstari mmoja pale ambao mkono wa Hokusai uliugusa moja kwa moja.

Kwa ufupi kufikia hapa

Ubao si picha, ni kifaa. Mchoro uliotangulia umeangamia. Kilichobaki ni karatasi, na kila karatasi imepita katika mikono ya mtu aliyeipaka rangi na kuisugua peke yake. Mtindo wa kuandika tarakimu kama 7/30 ulishika kasi baadaye sana, wasanii na wauzaji walipotaka kumhakikishia mnunuzi kwamba idadi haitaongezwa. Dürer na Hokusai hawakuandika tarakimu zozote. Walichapa kadiri ubao ulivyovumilia na wateja walivyokuja.

Makovu ya patasi

Picha za kamera zilipoingia vitabuni na magazetini, chapa ya ubao ilipoteza kazi yake ya zamani. Ikapata nyingine. Wasanii vijana wa Ujerumani walioanzisha kundi la Die Brücke mjini Dresden mwaka 1905 hawakutaka tena mstari laini. Walitaka ubao uonekane ni ubao: nyuzi zake, vibanzi vyake, makovu ya patasi.

Aliyenigusa zaidi katika kizazi hicho ni Käthe Kollwitz wa Berlin, ingawa hakuwa mwanachama wa kundi lile. Mwanawe Peter, kijana wa miaka 18, alijitolea kwenda vitani, akauawa Ubelgiji mwezi Oktoba 1914. Kwa miaka kadhaa mama huyo alijaribu kuchora msiba wake kwa njia nyingine asiridhike. Mwaka 1920 aliona chapa za ubao za msanii Ernst Barlach, akajua amepata njia. Mfululizo wake uitwao Vita, wenye chapa 7, ulitolewa mwaka 1923. Hamna bunduki wala adui ndani yake. Kuna mama anayemtoa mtoto wake mchanga kama sadaka, wazazi waliopiga magoti wakaanguka pamoja, na wanawake waliokumbatiana wakawa ukuta, watoto wakichungulia katikati ya mikono yao. Weusi umetawala karatasi, na nyuso zimetolewa ndani yake kwa mapigo machache ya patasi. Kalamu ingeweza kubembeleza. Ubao ulimlazimisha kuacha kila kisichohitajika.

Chapa ile ya mama na sadaka ilisafiri mbali. Mwandishi wa Kichina Lu Xun aliichapisha katika jarida mwaka 1931, kumkumbuka rafiki yake, mwandishi Rou Shi, aliyeuawa na serikali mwanzoni mwa mwaka huo. Agosti ya mwaka huo huo, Lu Xun aliandaa mafunzo ya siku chache mjini Shanghai, ambamo Mjapani Uchiyama Kakichi aliwafundisha vijana 13 kuchonga, na Lu Xun mwenyewe akawa mkalimani. Vijana wengi wa China hawakuwa na fedha za turubai wala rangi za mafuta, lakini kisu na kipande cha ubao vilipatikana, na karatasi 100 zingeweza kusambazwa usiku mmoja. Ndivyo sanaa iliyoanza China ilivyorudi nyumbani baada ya miaka zaidi ya elfu, ikipitia Berlin na Tokyo.

Ubao unaokwisha pamoja na picha

Barani Afrika, ufundi huu wa kuchonga na kuchapa ulipata nguvu hasa kusini, katika kituo cha sanaa cha Rorke's Drift, Afrika Kusini, kuanzia miaka ya 1960. Huko walitumia zaidi linoliamu, kizulia cha sakafu kinachotengenezwa kwa mafuta ya mbegu za kitani, ambacho ni laini na hakina nyuzi za kupigana nazo. Azaria Mbatha alichonga hadithi za Biblia zenye watu weusi. John Muafangejo wa Namibia aliyaweka maneno ndani ya picha, akieleza vita, misiba na upweke wake mwenyewe.

Katika Afrika Mashariki, jina la kutafuta ni Fred Mutebi wa Uganda, aliyesoma Chuo Kikuu cha Makerere. Chapa zake za rangi nyingi hutumia ubao mmoja kwa rangi zote, na utaratibu wake unastahili kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu unalijibu swali la asili na nakala kwa ukali kuliko mwingine wowote.

Msanii huanza kwa kuchonga sehemu zitakazobaki nyeupe tu. Hupaka rangi ya kwanza, tuseme njano, na kuchapa karatasi zote. Kisha huuchukua ubao ule ule, akachonga sehemu anazotaka zibaki njano, akapaka rangi nzito zaidi na kuzichapa tena karatasi zote juu ya njano. Halafu huchonga zaidi, na kuchapa tena. Kila rangi inapoingia, ubao hupungua. Rangi ya mwisho inapochapwa, mara nyingi ile nyeusi, ubao umebaki na visiwa vichache tu vya mbao, na hauwezi tena kutoa ile njano ya mwanzo.

Kwa hiyo idadi ya karatasi huamuliwa siku ya rangi ya kwanza. Anayetaka chapa 25 nzuri huanza na karatasi 30 au zaidi, maana chache zitaharibika njiani: karatasi itateleza, rangi itazidi, alama za kuegeshea zitapotoka. Karatasi ikiharibika katika rangi ya tano, haiwezi kurudiwa, kwa sababu ubao wa rangi ya nne haupo tena. Msanii naye hawezi kubadili nia. Jani alilokwisha kulichonga liwe njano litabaki njano, hata kama katika rangi ya sita angetamani liwe kijani.

Mutebi hufanya kazi pia na kitambaa cha gome la mti wa mutuba, kinachotwangwa kwa nyundo za mbao katika nchi ya Buganda tangu enzi za mababu, na amekuwa akihimiza wakulima wapande miti hiyo. Anayezipata chapa zake asogee karibu na kutafuta mahali ambapo rangi moja imepanda juu ya nyingine. Ukingoni mwa maumbo huonekana utepe mwembamba wa rangi ya chini. Ukiufuata kutoka rangi nyepesi hadi nzito, unasoma mpangilio ambao ubao ulichongwa, kutoka pigo la kwanza hadi la mwisho.